Mama Hakusafiri

Mama yangu alipougua, baba aliwaambia watu kwamba amesafiri. Kaenda Unguja, alisema, kumwangalia dada yake, na huenda akakaa huko mpaka joto lipungue. Wakaamini wote. Kwa watu wetu wa Maskati tuliotoka Unguja, hakuna jambo la kawaida kuliko mwanamke wa makamo kuikumbuka Unguja ghafla na kukatiwa tikiti. Na mama wakati huo alikuwa chumba cha nyuma, katika nyumba ile ile, amelala ubavu, uso kaugeuzia ukuta.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tukikaa Azaiba, upande wa baharini, si mbali na barabara kuu yenye maduka. Mimi nilikuwa nasomesha shule ya wasichana. Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa wazazi wangu na mizigo yangu na hasira zangu, na ndugu zangu wote walikuwa wameshahamia majumbani kwao. Nyumbani tulibaki watatu, na siri ikawa yetu watatu.

Asiyetujua atasema baba alikuwa mkatili. Hakuwa mkatili, alikuwa muoga, na uoga wake ulikuwa na sababu. Kwetu mgonjwa haachwi apumzike. Ukishikwa na homa asubuhi, kufika adhuhuri nyumba imejaa wanawake na chupa zao za kahawa, mmoja anakukanda miguu, mwingine anakutajia dawa, wa tatu anakuhadithia mtu aliyekufa kwa homa kama hiyo hiyo. Baba aliyaweza hayo ikiwa ugonjwa ni presha au sukari, maradhi ya watu wenye heshima zao. Lakini mama hakuwa na presha. Alikuwa haoshi uso, hajibu salamu, akipelekewa chakula anakitazama tu, na machozi yanamtoka bila ya sauti na bila ya sababu ya kuonesha.

"Watasema mwendawazimu," baba aliniambia. "Na wewe bado kijana, unataka kuolewa tena. Watasema umerithi."

Nikamwambia mimi kuolewa tena sina haja. Akasema haja ninayo ila sijui. Mabishano yetu siku zote yalikuwa yakiishia hapo.

Basi mama akasafiri, na tabu ikaanza, maana kumficha mtu mzima ndani ya nyumba yake si kazi ndogo. Alikuwa hapokei simu, kwa sababu yupo Unguja. Haianikwi nguo yake uani, kwa sababu jirani wanaijua kanga yake. Kengele ya mlango ikilia tunafunga mlango wa chumba chake kwanza, ndipo tunafungua ule wa mbele. Kabla ya hapo mama ndiye aliyekuwa uti wa mgongo wa kahawa ya saa nne, ile ambayo wanawake wa mtaa huizungusha nyumba kwa nyumba, tende hapa, vitumbua kule. Sasa wakawa wanakunywa kahawa yao nyumba ya pili, na vicheko vyao vinapita juu ya ukuta mpaka kwenye dirisha lake. Nilimkuta siku moja kakaa kitandani anawasikiliza. Niliumia zaidi ya siku zote nilizomkuta analia.

Tulianza kwa mwalimu wa Qur'ani. Alikuja baada ya magharibi, akasoma, akaandika aya kwenye kombe kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mama akayanywa. Sisemi kitu juu ya hilo; nilisoma pamoja naye na nikalia pamoja naye. Lakini mama alipoacha kula kabisa niligombana na baba mpaka sauti yangu ikakatika, tukamfunika buibui na ushungi mpaka machoni, tukamlaza kiti cha nyuma cha gari kama bidhaa ya magendo, tukampeleka hospitali. Huko ndiko tulikopewa jina la ugonjwa. Kwa Kiarabu walisema iktiabu. Daktari, mwanamke wa Kiomani ambaye wazee wake walitokea Tabora, alipotusikia tunanong'ona Kiswahili akatwambia kwa Kiswahili chake cha bara: sonona.

Alimwandikia vidonge, akasema mama atoke nje kila siku, atembee, apate jua. Baba akaitikia kwa adabu. Mimi nikajiuliza, mtu aliyeko Unguja atatembea pwani ya Azaiba kwa miguu ya nani? Halafu daktari akasema maneno ambayo baba hakuyapenda hata kidogo. Dawa ni nusu, alisema. Nusu ya pili ni nyie mnaokaa naye. Kila Jumatatu baada ya alasiri tunawasomesha jamaa za wagonjwa hapa hapa, wote pamoja. Na wewe baba, uje.

Tulipokuwa ndani ya gari baba alisema, "Nimefanya kazi wizarani umri wangu wote. Nimesomesha watoto. Leo nikasomeshwe mke wangu, mbele za watu?"

Nikaenda peke yangu.

Chumba kilikuwa cha kawaida, viti vya plastiki, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine. Kila aliyeingia aliingia kwa kupitia ukutani, macho chini, kama kaja kuiba. Wanawake tulikuwa tumejifunika kuliko tunavyojifunika msibani. Nikachagua kiti cha nyuma, nikakaa, nikageuza shingo kidogo nimwone jirani yangu wa kiti. Macho yetu yakakutana na sote wawili tukashtuka. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa kahawa ya saa nne, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa Misri anasoma udaktari. Habari za huyo mwana tulizijua wote: mitihani yake, baridi ya huko, chakula kinavyomshinda.

"Masalkheri, mwanangu," akasema.

"Masalkheri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yako karudi lini kutoka Unguja?"

"Hajarudi."

"Aa."

Kiyoyozi kikanguruma. Mimi nina tabia mbaya, ulimi wangu haukai.

"Na kaka huko Misri hajambo?"

"Hajambo," akasema. Kisha akaitazama mikono yake, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia, nikataka kuomba radhi. Kumbe anacheka. Nami nikacheka, tukacheka mpaka daktari akatutazama, na cheko likatugeukia kilio, tukakaa tumeshikana mikono kama watoto wa chuo cha Qur'ani waliopigwa bakora moja.

Daktari yule hakuwa mpole. Hakutupa hotuba. Siku ile ile ya kwanza aliweka kiti katikati ya chumba kikielekea ukuta, akamwita jirani yetu akae. "Huyu ndiye mgonjwa wenu," akasema. "Haya, mwambieni yale mnayomwambia nyumbani." Tukaona haya, halafu tukaanza. Mzee mmoja akasema, jikaze. Mwanamke mmoja akasema, wenzio wana saratani. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa sauti yangu ya darasani, shukuru Mungu, una mume, una watoto wema, una nyumba nzuri, unakosa nini? Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia mama kila siku ninapompelekea chai.

"Ulisikia nini hapo?" daktari akamuuliza jirani yetu.

"Nimesikia nnakerehesha watu," akasema bila ya kugeuka. "Na huyu wa mwisho nimetaka kumrushia kiatu."

Nilikasirika. Nikabishana na daktari mbele ya wote, nikamwambia maneno ya kumkumbusha mtu neema za Mungu hayawezi kuwa makosa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema neema za Mungu mama yako anazijua, na ndiyo sababu anajichukia, kwa kuwa anazo na bado hawezi kuinuka. Kaa naye tu, alisema. Mwambie naona unaumia, basi. Na kombe mkitaka mnywesheni, lakini na kidonge anywe. Kisha akauliza nani kati yetu amemwambia jirani au ndugu kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Akasema mnapomficha mnamwambia kila siku kwamba yeye ni aibu yenu, na hilo hata kidonge hakiliwezi.

Nilirudi nyumbani nimejaa. Nikamweleza baba yote, na nikamwambia neno moja asilikimbie: uongo wa safari uishe. Baba akafikiri muda mrefu, akasema, "Sawa. Daktari kasema kweli. Arudi."

Sikuelewa alichokielewa mpaka siku ya pili. Baba alitoka asubuhi, akapita barabara ya baharini mpaka soko la Matrah, akarudi adhuhuri na sanduku jipya limejaa. Alilifungua sebuleni kwa fahari. Kanga doti kadhaa, karafuu, mdalasini, pilipili manga, chupa za achari ya embe. Maana kwetu mtu harudi Unguja mikono mitupu, na wanawake wakisikia umefika wanakuja kukupa mkono na kuondoka na chao. Baba yangu, mtu wa wizara, alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa jambo lenyewe. Hata kanga hakuzisoma. Zilizotengenezwa Bombay kwa ajili yetu zilikuwa zimeandikwa *Siri ya mtungi aijuaye kata*, zote, na yeye kazinunua kwa sababu rangi ni nzuri.

"Baba," nikasema, "sivyo alivyosema daktari."

"Si kasema safari iishe? Inaisha. Alkhamisi karudi. Wataona kakonda, watasema chakula cha huko na jua. Nani atauliza?"

Tukaingia chumbani kwa mama. Baba akalitua sanduku mguuni pa kitanda, akamweleza mpango wote pole pole, ndege aliyokuja nayo, siku aliyofika, nani wa kupewa nini. Mama alikuwa keshaanza vidonge na alikuwa anakaa kitako kidogo kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaichukua kanga moja, akaigusa, akairudisha.

"Nambieni basi," akasema, "nilistarehe?"

Baba akababaika. "Ulistarehe sana," akasema.

Mama akajifunika uso kwa mikono miwili. Nilitaka kulitupa lile sanduku dirishani. Nilimchukia baba yangu saa ile, nasema kweli.

Alkhamisi walikuja. Nilimwogesha mama, nikamvisha, nikamfukiza udi, nikamkalisha kwenye mto sebuleni, na wanawake wakaingia wakimbusu na kumwambia kakonda, masikini, jua la huko. Jirani yetu alikuja na chupa yake ya kahawa, akakaa karibu ya mlango, hakusema kitu. Na shangazi yangu, dada yake baba, akaja kutoka Bustan. Shangazi ni mwanamke wa sauti, na akiuliza jambo hupenda ajibiwe. Baba alikuwa chumba cha wageni wanaume, mlango kauacha wazi kidogo.

Nikagawa zawadi. Shangazi akaifunua kanga yake, akaisifu, akajitanda mabegani.

"Haya wifi, tupe habari. Dada yako hajambo?"

"Sijamwona," mama akasema.

"Hukumwona vipi, na we ulifikia kwake?"

"Sikufikia kwake."

"Sasa ulifikia kwa nani?"

Mama akanitazama mimi. Nilikuwa na jibu tayari, uongo niliokwisha kuuzoea, na mdomo wangu ukakataa kufunguka. Mama akageuka kwa wifi yake.

"Sikwenda popote, wifi. Nnaumwa. Nilikuwa humo ndani." Akaonesha kwa kidevu mlango wa chumba chake.

Shangazi akaishika kanga ya mabegani kwa ncha ya vidole. "Na hizi?"

"Kanunua kaka yako Matrah."

Mmoja akacheka, lile cheko la mtu anayeogopa, akalikata. Shangazi akainuka, akasema kaacha chungu motoni, ilhali Bustan ni mbali na hakuna mtu anayeacha chungu motoni akaja Azaiba. Akaondoka. Kanga aliondoka nayo, hilo sijalisahau. Wengine wawili wakamfuata. Waliobaki walikuwa wanalitazama zulia.

Ndipo jirani yetu akaivuta chupa yake, akamimina kikombe, akamsogelea mama na kumpa mkononi. "Na mwanangu hayupo Misri," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Yupo juu, chumbani kwake. Hajatoka tangu Ramadhani."

Ningependa kusema kuwa kuanzia hapo mambo yalitengenea. Hayakutengenea. Mama alirudi kulala, akalala zaidi. Kahawa ya saa nne iligawika, wengine wakija kwetu na wengine wakipita wima na lango letu. Mmoja alileta hirizi, mwingine akaniuliza kwa upole kama mimi mwenyewe nalala vizuri. Shangazi alimpigia baba simu, akamfokea kwa kuufedhehesha ukoo mzima, nami nikawa nasikia kelele zake kutoka mlangoni. Baba alimsikiliza kidogo, kisha akaweka mkono wa simu chini na dada yake bado anasema. Sijawahi kumwona akimfanyia mtu hivyo. Nami alikuwa haniambii neno ila la lazima.

Jumatatu nilipotoka nikakuta gari linanguruma uani. Baba yumo ndani, kavaa kanzu yake ya Ijumaa na kilemba.

"Panda," akasema.

"Twende wapi?"

"Huko unakokwenda."

Tukaenda hospitali. Alikaa upande wa wanaume, mgongo umenyooka, fimbo mapajani. Daktari alikuwa na kawaida ya kuanza kwa kumtaka kila mmoja aseme kaja kwa ajili ya nani. Zamu ya baba ilipofika akasema, "Nyumbani." Ndivyo wanaume wa rika lake wanavyosema, mke hatajwi.

"Nyumbani nani, mzee?"

"Mama watoto. Mke wangu."

Akanyamaza tena mpaka mwisho. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kaja, hilo tu latosha. Daktari akauliza kama kuna mwenye swali, watu wakaanza kutafuta viatu, na baba akanyoosha mkono, mkono wa mzee umenyooshwa kama wa mwanafunzi.

"Mgonjwa akikwambia anataka kufa," akasema, "unamjibu nini?"

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Amekwambia lini, mzee?"

"Kila siku. Tukimaliza sala ya alfajiri. Anasema, laiti Mungu angenichukua leo. Anasema kuna siku haoni kwa nini asubiri kuchukuliwa." Akaigeuza fimbo mapajani. "Nami nnamwambia nyamaza. Nnamwambia dhambi. Halafu nafunga kabati la dawa, natia ufunguo mfukoni, nakwenda dukani kununua mkate. Tangu alipoanza kuumwa. Simwambii mtu."

Mimi nilikuwa naishi nyumba ile. Nilikuwa nachukua mkate ule mkononi mwake kila asubuhi, na nikimwona mtu mwenye kiburi anayechunga jina lake. Kumbe alikuwa akimchunga mama, peke yake, kwa njia mbovu aliyoijua. Nililia kwa hasira, na hasira yenyewe sikujua nimpe nani. Jirani yetu akaniwekea mkono mgongoni.

Daktari hakumlaumu. Alimwambia kufunga dawa amefanya vyema, aendelee. Alimwambia asimwachie mtu mmoja kuubeba mzigo huo, na kesho asubuhi mama aletwe, bila ya kungoja miadi. "Na usimwambie nyamaza," akasema. "Muulize. Muulize waziwazi kama anataka kufa. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana. Akikujibu, usikimbie. Msikilize, na usimwache peke yake."

"Nimuulize hivyo hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo hayo."

Baba akawa anatingisha kichwa, na midomo yake inacheza. Mpaka tunafika Azaiba midomo ile ilikuwa bado inacheza.

Binamu yangu mmoja alikuwa kakaa na mama. Tulipoingia akatupisha. Mama alikuwa kitandani, taa imewashwa, shuka mpaka kifuani.

"Mlikuwa wapi?" akauliza.

Nilimwona baba anatafuta. Nilijua anachotafuta, msikiti, Matrah, popote. Kisha akaacha.

"Hospitali," akasema. "Kwenye lile darasa. Nimewaambia unayoniambia alfajiri."

Nikaushika mlango. Mama akamtazama.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Alimtazama muda mrefu, sijui kwa ghadhabu au kwa kitu gani. Halafu akaikunja miguu yake chini ya shuka, akampa nafasi. Baba, ambaye hata siku moja hakuwahi kukaa kitandani kwa mkewe mbele yangu, akavua kilemba na akakaa.

"Na sasa hivi," akamuuliza, pole pole, kama mtu anayesoma herufi asizozizoea, "unataka kufa?"

"Nataka," mama akasema.

Baba hakumwambia nyamaza.

"Basi nihadithie," akasema. "Nnakusikiliza."